Paka anayejilamba hadi kutoka kipara: ni mwasho, ni maumivu au ni wasiwasi?

Tulipohama Donholm kwenda South B, hapa Nairobi, paka wetu Tunu alianza kujilamba tumbo kabla hatujamaliza kufungua maboksi. Wiki ya tatu nilimlaza chali mapajani nikaona ngozi tupu yenye rangi ya waridi kuanzia kitovuni hadi ndani ya mapaja yote mawili, na nilipopitisha kidole juu yake nilihisi visiki vifupi vya manyoya vikikwaruza kama kidevu cha mwanamume aliyenyoa jana. Mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini, aliyefuga paka maisha yake yote, alimtazama kidogo akaniambia, "Mwanangu, huyu ana simanzi ya nyumba aliyoiacha." Maelezo hayo yalinikaa moyoni mara moja, kwa kuwa kuhama na kujilamba vilikuja pamoja, na kwa miezi miwili nilimtibu Tunu simanzi ilhali aliyekuwa akimtesa ni kiroboto.

Ulinganisho huu unamhusu mfugaji aliyekwisha kuona kipara na sasa anapaswa kuchagua: achukulie kwamba paka wake anawashwa, anaumwa au ana wasiwasi, na akishaamua, atangulize dawa ya viroboto, chakula kipya, sindano, kola ya shingoni au mabadiliko ya nyumbani. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma. Wasiwasi upo, na unamtesa paka kwelikweli, lakini ni maelezo ya kufikiwa baada ya mengine kuondolewa, na anayeanza nao humwacha mnyama akiteseka kwa jambo ambalo pengine tone la dawa shingoni lingelimaliza.

Kujisafisha na kujidhuru

Paka mwenye afya hujilamba sana. Ulimi wake umejaa vijimiba vya keratini, ile dutu ambayo hata kucha zetu zimeumbwa nayo, na vijimiba hivyo vimepinda kuelekea kooni, hivyo kila anapojilamba huwa anajichana, anasambaza mate hadi kwenye ngozi na kung'oa manyoya yaliyokwisha kufa. Kwa hiyo kuhesabu ni mara ngapi kwa siku paka anajilamba hakusaidii kitu. Kinachopimwa ni matokeo: manyoya yamekatika, ngozi imekuwa nyekundu au ina vidonda, kinyesi kimejaa manyoya, mipira ya manyoya inatapikwa mara nyingi kuliko zamani, au paka anaacha kula, kucheza na kulala ili ajilambe.

Wapo wafugaji wanaoapa kwamba paka wao hajilambi, na bado paka ana kipara. Wanasema kweli kwa kadiri ya walichokiona, kwa sababu paka wengi hujilamba wakiwa peke yao, chini ya kitanda au usiku wa manane, hasa ikiwa waliwahi kukemewa. Hapa ndipo ulinganisho wa kwanza unapohitajika, kati ya manyoya yanayodondoka yenyewe na manyoya yanayokatwa na ulimi. Yanayodondoka yenyewe huacha ngozi laini, na manyoya ya jirani yake hung'oka kwa urahisi ukiyavuta taratibu. Yanayokatwa huacha visiki kama vile nilivyovihisi kwa Tunu, na yaliyobaki hushikilia imara. Daktari wa mifugo huweza kumaliza ubishi kwa dakika chache: hung'oa manyoya machache kando ya kipara, huyaweka chini ya hadubini na kutazama ncha zake. Ncha iliyochongoka vizuri ni ya unyoya ambao haukuguswa. Ncha iliyovunjika na kuchanika ni ya unyoya uliolambwa. Kipimo hicho ni rahisi, na mfugaji ana haki ya kukiomba kabla ya kupewa dawa yoyote. Ila kinathibitisha tendo tu. Hakielezi kwa nini paka analitenda.

Mwasho na wasiwasi vinavyofanana

Mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani lilichapisha uchunguzi wa paka 21 waliokuwa wakishukiwa kupoteza manyoya kwa sababu za kiakili. Walipochunguzwa hatua kwa hatua, paka 16 walibainika kuwa na ugonjwa wa mwili, 3 walikuwa na ugonjwa wa mwili pamoja na wasiwasi, na 2 pekee ndio waliobaki na wasiwasi usio na kingine. Zaidi ya nusu ya paka wote walikuwa wakidhuriwa na chakula. Paka 21 ni wachache, nao walikuwa wagonjwa waliokwisha kufikishwa kwa wataalamu, kwa hiyo hesabu hizo hazielezi kila paka wa Umoja au Kileleshwa. Hata hivyo zinatosha kunizuia nisimwambie tena mtu yeyote kwamba paka wake ana simanzi kabla ngozi haijachunguzwa.

Ugumu ni kwamba mwasho na wasiwasi huchora picha moja. Kipara cha tumboni na ndani ya mapaja, kilicho sawa kulia na kushoto, chenye ngozi isiyo na kidonda, ndicho kinachotajwa mara kwa mara kuwa alama ya wasiwasi. Lakini mzio wa viroboto na mzio wa chakula navyo huweza kuacha kipara hicho hicho, kwa sababu tumbo na mapaja ndizo sehemu ambazo ulimi huzifikia bila taabu. Ukitazama kipara peke yake, hutabaini.

Mahali pengine mwilini husema zaidi. Kipara kilichoanzia kiunoni, juu ya shina la mkia na nyuma ya mapaja, kinamwelekeza mtu kwa viroboto. Mikwaruzo ya usoni, masikioni na shingoni, ambako ulimi haufiki na paka hutumia kucha za miguu ya nyuma, inaelekeza kwenye chakula au utitiri, na ni nadra kuhusishwa na wasiwasi. Mabaka ya duara yenye magamba, hasa kwa paka mchanga, yanafaa kushukiwa kuwa choa, ugonjwa wa ukungu ambao watoto wetu wengi huuita mashilingi. Huo huambukiza watu, na ukiona baka la namna hiyo kwenye paka na jingine kwenye mkono wa mtoto, wote wawili wapelekwe kutibiwa wiki hiyo hiyo. Kwa paka mzee anayekula sana huku akikonda, daktari atataka pia kupima tezi ya shingo.

Wakati nao husema jambo. Paka mwenye mwasho hujilamba saa zote, huamka usingizini kwa ghafla, hugeuza kichwa na kujitafuna kiunoni kana kwamba amechomwa sindano, na ukimwita kucheza huacha kidogo kisha hurudia. Paka mwenye wasiwasi aghalabu ana saa yake na kisababishi chake: hujilamba baada ya kumwona dume la jirani juu ya ukuta, baada ya wageni kuingia, au kila wiki ile ambayo watoto wanarudi shule za bweni na nyumba inanyamaza. Aina zinazotokana na Siamese na Abyssinian hutajwa zaidi katika tatizo hili, ingawa paka wengi wa mitaani kwetu hawana ukoo huo. Tofauti hizi za wakati naziamini kuliko tofauti za umbo la kipara, lakini bado ni dalili za kuelekeza macho tu, kwa kuwa paka anayewashwa hujilamba zaidi anapokuwa na hofu, na mfugaji akaona hofu peke yake.

Sasa nirudi kwa Tunu. Nilikuwa nimemkagua mara nyingi bila kuona kiroboto hata mmoja, na nilidhani hilo linatosha. Halitoshi. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu ili awashwe kwa siku kadhaa, na kwa kuwa anajilamba bila kukoma, huwameza viroboto wenyewe na kuufuta ushahidi. Daktari alinionyesha namna ya kuutafuta ushahidi uliosalia: alichana shina la mkia kwa kitana chenye meno yaliyobanana, akakung'uta kitana juu ya karatasi nyeupe ya shashi, zikaanguka chembe nyeusi sita au saba zinazofanana na vumbi la makaa, kisha akadondosha maji. Uchafu wa kawaida hubaki mweusi. Chembe zile zilizungukwa taratibu na duara la rangi ya kutu, kwa sababu zilikuwa kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya Tunu iliyokauka.

Na je, kuhama? Nyumba tuliyoingia ilikuwa imekaa tupu kwa wiki kadhaa, na mpangaji aliyetangulia aliacha kipande cha zulia chumbani. Kiroboto mchanga hukaa ndani ya kifukofuko chake, kwenye nyuzi za zulia au kwenye nyufa za sakafu, na huweza kusubiri kwa miezi hadi ahisi joto, mtikisiko wa nyayo na pumzi ya kiumbe kilicho hai. Siku tuliyoingiza makochi ndiyo siku tuliyowaamsha. Kuhama kulikuwa kisababishi kweli, kama mama yule alivyosema, ila si kwa njia ya moyo. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu Nairobi ni mji wa kuhama, na naamini paka wengi wanaosemwa kuwa na simanzi ya nyumba wana wadudu wa nyumba.

Maumivu, ambayo husahaulika

Kati ya mwasho na wasiwasi kuna sababu ya tatu ambayo wafugaji wachache huitaja. Paka hulamba panapouma. Anayelamba kiungo kimoja tu, kwa mfano goti au kiwiko, naye ni mzee na ameacha kuruka juu ya meza, huenda ana baridi yabisi. Anayelamba sehemu ya chini kabisa ya tumbo huenda ana kibofu kilichovimba, na uvimbe huo wa kibofu mara nyingi hauna bakteria, hivyo kumpa viuavijasumu vilivyobaki kabatini hakumsaidii.

Hapa pana jambo moja lisilongoja ulinganisho wowote. Dume anayelamba uume wake kwa bidii, anayeingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anakaza na hatoi mkojo au anatoa matone, njia yake ya mkojo inaweza kuwa imeziba. Huyo apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa maana anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Dawa ya viroboto au chakula kipya?

Baada ya dharura kuondolewa, mfugaji wa Nairobi huwa na njia mbili za kuanzia zenye maana, na zote mbili ni tiba na vipimo kwa wakati mmoja.

Dawa ya viroboto naiweka mbele. Ni rahisi kuliko jaribio la chakula, inachukua dakika moja, na hali ya hewa yetu haina majira ya baridi ya kuua viroboto. Hata usiku wa Julai unapotupigisha meno, ndani ya nyumba pana joto la kuwatosha. Dawa za kudondosha shingoni zenye selamektini, fipronili au imidaklopridi, zilizotengenezwa kwa ajili ya paka na kwa uzito wake, hutolewa kwa kawaida kila mwezi, na zipo nyingine zinazokaa muda mrefu zaidi. Mkosaji mkubwa ni yule anayeweka dawa mara moja, anaona kipara bado kipo baada ya siku kumi, na anahitimisha kwamba viroboto hawahusiki. Viroboto wanaoonekana juu ya paka ni sehemu ndogo ya kundi zima. Mayai, mabuu na vifukofuko vimo kwenye mazulia, matandiko na pembe za makochi, na wataendelea kuanguliwa kwa wiki nyingi. Jaribio la haki ni miezi mitatu mfululizo, kwa kila paka na kila mbwa wa nyumba ile, pamoja na kufua matandiko kwa maji ya moto na kupitisha mashine ya kufyonza vumbi mahali ambapo ufagio haufiki. Penye kuku uani, kagua kingo za masikio ya paka: kiroboto wa kuku hujichomeka hapo kwa makundi, hang'oki kwa kuchanwa, na hawezi kuisha bila banda kusafishwa.

Kuhusu mahali pa kununua nina uchungu, na nitausema. Mhudumu wa duka moja la agrovet aliniuzia unga wa mbwa na kunihakikishia kwamba "paka na mbwa ni kitu kimoja." Si kitu kimoja. Permethrini, ambayo mbwa huistahimili, humfanya paka atetemeke, apate kifafa na pengine afe, na paka hujilamba dawa yoyote iliyopakwa mwilini mwake, sembuse anayejilamba kupita kiasi. Amitrazi, inayotumiwa kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, nayo haimfai paka. Nilisoma kibandiko nikiwa kwenye matatu, nikaurudisha unga ule jioni hiyo. Kwa hiyo, kati ya unga wa bei nafuu usiotajwa paka kwenye kibandiko na tone la bei ya juu lililotengenezwa kwa ajili yake, hakuna uchaguzi wa kufanya. Aliye na fedha kidogo ni heri afue, achane kwa kitana kila siku na asubiri mwisho wa mwezi.

Chakula ni jaribio gumu zaidi, lakini kwa paka ambaye miezi mitatu ya dawa haikumsaidia, au anayejikwaruza uso mwaka mzima, ndilo linalofuata. Vyakula vinavyotajwa zaidi kuleta mzio kwa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, na hivyo ndivyo sahani ya paka wa Nairobi ilivyo: mapafu ya ng'ombe kutoka buchani, omena, vichwa vya samaki, miguu ya kuku. Kwamba amekula omena miaka minne bila shida si utetezi, kwa sababu mzio hujengeka dhidi ya kile kinacholiwa kila siku. Jaribio ni la wiki 8 bila kukatiza, muda ambao hutosha kuonyesha nafuu kwa zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wenye mzio wa chakula, na katika muda huo paka hali kitu kingine chochote, hata tone la maziwa au mabaki ya mtoto chini ya meza.

Mfugaji huchagua kati ya chakula maalumu cha daktari, ambacho protini yake imevunjwavunjwa hata mwili hauitambui, na nyama ambayo paka hajawahi kuionja. Cha daktari ni ghali na wakati mwingine hakipatikani hadi kiagizwe, lakini kimekamilika kwa lishe. Nyama ya nyumbani ni nafuu, na hapa kwetu sungura hupatikana kwa wafugaji wa mjini na baadhi ya buchari; isipokuwa nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hudhoofika, huishia kwenye mchuzi wakati wa kuchemsha. Kwa paka mzima na kwa wiki 8 chini ya uangalizi wa daktari, sungura aliyechemshwa na kupewa pamoja na mchuzi wake anafaa. Kwa paka mchanga au mwenye mimba nisingethubutu. Nyama ichemshwe pekee, bila vitunguu maji wala vitunguu saumu, kwa maana vyote viwili huharibu damu ya paka. Badilisha chakula kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na paka akigoma kula kwa zaidi ya siku moja, usimkomeshe kwa njaa. Ini la paka, hasa mnene, huharibika haraka asipokula.

Jaribio hukamilika unapomrudishia chakula cha zamani. Watu wengi hukataa hatua hii, na nawaelewa, kwa kuwa paka amepona na hawataki kumwona akijikwaruza tena. Bila hatua hii, hata hivyo, hujui kama ni chakula kilichomponya au ni viroboto waliokwisha kuisha wakati ule ule, na huenda ukamnunulia chakula ghali miaka 12 bila sababu.

Sindano, kola na fulana

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza mwasho, inayokaa mwilini muda mrefu, ndiyo tiba inayopendwa kwa sababu paka hutulia baada ya siku chache na mfugaji huondoka na furaha. Nimeiona ikitolewa kwa paka wa rafiki yangu mara nne ndani ya mwaka mmoja bila kitana kupitishwa mgongoni mwake hata siku moja. Dawa hiyo haiondoleki sindano ikishaingia, na madhara yake ni pamoja na kisukari na, kwa paka wenye moyo dhaifu, moyo kushindwa kazi. Isitoshe hufunika mwasho bila kuondoa chanzo, na huvuruga jaribio la chakula linalofanyika wakati huo huo. Ikiwa paka amejitafuna hadi kidonda na lazima apumzishwe, vidonge vya prednisoloni ni bora kuliko sindano, kwa sababu kipimo chake hupunguzwa hatua kwa hatua na husimamishwa pindi tatizo linapotokea. Kwa mzio usiopatikana chanzo, daktari anaweza kupendekeza siklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Ni ghali, na nafuu yake huchukua wiki kadhaa.

Kola ya koni na fulana ya kitambaa hazitibu chochote. Koni hulinda kidonda kilicho wazi, na kwa siku chache naikubali. Lakini paka hushindwa kunywa, hugonga milango, na mwenye wasiwasi huzidiwa na wasiwasi. Fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa tundu la mkia huvumilika zaidi kwa kipara cha tumbo, ingawa mlambaji mwenye bidii huilamba hadi ilowe na ngozi kuungua kwa unyevu. Nilimvika Tunu fulana kwa wiki mbili, na nikajidanganya kwamba anapona kwa kuwa sikuuona tena upara.

Nyumba iliyotulia au dawa za akili?

Kurekebisha nyumba ndilo jambo pekee katika orodha hii ambalo mtu anaweza kulianza siku yoyote bila kuharibu kipimo kingine, na kwa hiyo silipingi hata kwa paka anayeshukiwa viroboto. Katika nyumba ya chumba kimoja na sebule huko ghorofa ya nne, paka huhitaji mahali pa juu pa kukaa, na sehemu ya juu ya kabati iliyotandikwa kitambaa inatosha. Huhitaji mahali pa kujificha pasipofikiwa na watoto, chakula cha saa zile zile, na michezo miwili ya dakika kumi kwa siku, mmoja kabla ya chakula cha jioni, ambapo anafukuza kamba na kuikamata. Masanduku ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka. Vifaa vya umeme vinavyosambaza harufu inayoiga ile ya mashavu ya paka havidhuru, ila sitamshauri mtu aache dawa ya viroboto ili avinunue. Kumkemea paka anapojilamba, au kumrushia maji, humfundisha kujificha tu.

Dawa za akili, kama fluoksetini, klomipramini na amitriptilini, zinakuja baada ya hayo yote. Naziheshimu: kwa yule paka mmoja mmoja ambaye ngozi yake imechunguzwa, pengine hata kipande chake kimepelekwa maabara na kuonekana hakina uvimbe, dawa hizi humrudishia maisha. Huchukua wiki 4 hadi 8 kabla ya kuonyesha kazi, hazisimamishwi ghafla, na hazitolewi kutoka kwenye kasha la dawa za binadamu kwa kukisia. Anayezitumia awe mikononi mwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kliniki za watu binafsi zilizotapakaa mjini huokoa muda, wakati kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete hunufaisha paka ambaye kisa chake kimewashinda wawili watatu, kwa kuwa pale anaweza kutazamwa na zaidi ya daktari mmoja.

Tunu alipewa tone la shingoni miezi mitatu, zulia la mpangaji lilitupwa, na manyoya ya kiunoni na tumboni yakarudi. Ndani ya paja la kushoto kulibaki kipara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Sungura wa wiki 8 hakukibadilisha. Kisha binti yangu akaona kwamba Tunu hukilamba asubuhi tu, akiwa kwenye dirisha la jikoni, saa ile dume la rangi ya machungwa linapopita juu ya ukuta wa ploti ya jirani. Tulibandika karatasi inayozuia kuona nje kwenye kioo cha chini cha dirisha hilo mwezi Machi, na kufikia Mei paja lilikuwa limefunikwa.